Kuchagua Hoteli Ndogo Ndani ya Nyumba ya Kale

Somo hili linamhusu mlaji anayekusudia kupumzika siku mbili au tatu katika hoteli ndogo yenye haiba yake: nyumba ya zamani yenye vyumba sita au kumi, kila kimoja na umbo lake, tofauti na hoteli kubwa za ufukweni ambazo vyumba vyake vyote hufanana. Hoteli za namna hiyo ni nyingi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka uliofuata. Nyingi ya nyumba hizo zilijengwa ziwe makazi ya familia, zikageuzwa hoteli baadaye sana. Kwa hiyo mgeni anapolipia chumba, analipia pia jinsi nyumba ilivyojengwa, na nyumba ya kale haimpi mtu uzuri wake ikamfichia tabia zake nyingine.

Malalamiko mengi yanayoweza kutokea kuhusu hoteli za aina hii hayatokani na ulaghai wa wazi. Hutokana na kitu kilekile kilichosifiwa kwenye tangazo. Ua wa ndani uliopigwa picha ukiwa umetulia ndio unaopandisha hadi chumbani mazungumzo ya wageni wa chini saa sita za usiku. Madirisha ya mbao yasiyo na vioo huingiza upepo wa bahari, na pamoja nao mbu na kelele za uchochoro. Kitanda cha samadari, kilichoinuka na kuchongwa kwa ustadi, humpa taabu mtu mwenye maumivu ya nyonga. Mlaji mwenye busara hatafuti nyumba isiyo na mambo haya. Anachotafuta ni kujua mapema yapi anaweza kuishi nayo kwa siku tatu na yapi hawezi.

Nyumba ilivyojengwa

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita au zaidi. Unene huo ndio unaohifadhi ubaridi mchana. Sakafu za juu na dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo haitoi boriti ndefu zenye kuhimili uzito, upana wa chumba kwa kawaida hauzidi mita tatu, ingawa urefu wake unaweza kuwa mkubwa. Tangazo likisema “chumba kikubwa”, uliza upana kwa mita. Samadari moja na kabati moja vinaweza kukimaliza chumba hicho chote, na hapo kitanda cha ziada cha mtoto ulichoahidiwa kitawekwa mlangoni.

Huko Lamu mpangilio ni wa safu: kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, chumba cha faragha chenye zidaka zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa. Mara nyingi chumba cha namna hiyo ndicho kinachopigwa picha na kutozwa bei ya juu. Ni kizuri kweli, lakini mwanga wake ni hafifu na upepo haupiti kwa urahisi. Anayependa kusoma kitabu mchana, au asiyelala pasipo hewa, atafanya vyema kuomba chumba cha juu hata kama hakina zidaka hata moja.

Ngazi zinastahili swali lake peke yake. Katika nyumba nyingi ni nyembamba, zina mwinuko mkali, na vipandio vyake havilingani. Hakuna lifti, na mara nyingi hakuna mahali pa kuiweka. Aghalabu kifungua kinywa huandaliwa juu ya paa, penye mandhari ya bahari na minara ya misikiti. Mzee aliyepewa chumba cha chini kwa ajili ya magoti yake atalazimika ama kupanda ghorofa tatu ili apate chai, ama kuletewa chumbani. Uliza iwapo huduma hiyo ya kuletewa ipo na kama ina gharama. Paa hilohilo huwa na ukuta mfupi wa pembeni, hivyo wenye watoto wadogo waulize kimo chake kabla hawajavutiwa na machweo ya jua.

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na nyumba ya mawe na chokaa hudumu kwa matunzo ya kila mwaka. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa zamani, unyevu hubaki ndani na kuula ukuta polepole. Rangi iliyobambuka karibu na sakafu, unga mweupe wa chumvi ukutani, harufu ya ukungu na boriti zilizopinda ni dalili za nyumba iliyosahauliwa, hata kama mashuka ni mapya. Jambo hili halihusu uzuri peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu kupita yote katika Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mmiliki anayetunza nyumba yake huwa na furaha kueleza alichokarabati na lini. Akikwepa swali, na hilo nalo ni jibu.

Moto na mlango wa usiku

Hapa tunamwomba msomaji asipite haraka. Nyumba hizi zilijengwa zikiwa na mlango mmoja mkubwa wa kuchonga, na madirisha ya chini yana fito za chuma. Ngazi na sakafu zina mbao nyingi. Usiku mlango hufungwa kwa komeo. Uliza waziwazi: kuna njia ya pili ya kutokea? Nani analala na ufunguo, na analala wapi? Je, vipo vitambua moshi na mitungi ya kuzimia moto katika kila ghorofa? Katika vichochoro ambamo hata gari dogo halipiti, msaada kutoka nje huchelewa, na sekunde za mwanzo ni za aliyemo ndani. Hoteli isiyoweza kujibu maswali haya matatu haifai kulala na watoto, hata ikiwa nzuri namna gani. Nyota za hoteli, ambazo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kuzitoa, ni msaada wa kiasi tu kwa mchaguzi wa nyumba ya kale, kwa kuwa vigezo hutazama sana vifaa na huduma. Nyumba bora ya kale yaweza kuwa na nyota chache kuliko hoteli ya kawaida mno. Leseni ndiyo ya kuulizia bila kusita. Kwa Zanzibar hoteli husimamiwa na Kamisheni ya Utalii, na cheti hutakiwa kuwapo mapokezi.

Kuandika kabla ya kulipa

Usiulize kwa simu pekee. Maneno ya simu hayana shahidi. Andika ujumbe mmoja, mfupi na ulio wazi, mathalani: “Tunakuja watu wanne kwa usiku tatu, mmoja wetu ni mzee asiyeweza kupanda ngazi. Tunaomba vyumba viwili, kimoja kikiwa ghorofa ya chini. Je, chumba hicho kina kiyoyozi au feni, chandarua na choo chake ndani? Jenereta ipo, na imewekwa wapi? Bei ni ya chumba au ya mtu, na imejumuisha kifungua kinywa pamoja na kodi zote?” Jibu litakaloandikwa ni sehemu ya makubaliano yenu, na ndilo utakaloonyesha ukifika ukaambiwa chumba cha chini kimechukuliwa.

Swali la jenereta linaweza kuonekana dogo. Wakazi wa Unguja wanakumbuka kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kukaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi. Hali imeboreka sana tangu hapo, lakini hoteli nyingi bado zina jenereta, na katika nyumba iliyobanana na majirani huenda mashine hiyo ikawa chini ya dirisha lako.

Kuhusu kelele nyingine, mji ni mji wa watu. Adhana ya alfajiri, mikokoteni ya asubuhi na maongezi ya barazani ni uhai wa mahali hapo, na si haki kuilaumu hoteli kwa sababu yake. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba kinachotazama ndani. Wakati wa Ramadhani ulizia mapema saa na mahali pa chakula cha mchana, kwa kuwa migahawa mingi hufungwa hadi magharibi.

Bei na malipo

Mtego wa kawaida umo katika neno moja dogo. Tuchukue mfano wa bei ya shilingi 120,000 kwa usiku. Ikiwa ni ya chumba, watu wawili kwa usiku tatu watalipa shilingi 360,000. Ikiwa ni ya mtu, watalipa 720,000. Tangazo laweza kuandika “120,000” na kunyamaza. Zanzibar hutozwa pia ada ya miundombinu kwa kila usiku, ambayo baadhi ya hoteli huidai pembeni siku ya kuondoka. Uliza kama inakuhusu, na kiasi gani.

Raia na wakaazi waulize bei yao. Hoteli nyingi huwa nayo, iliyo chini ya bei ya wageni wa nje, lakini haitangazwi, na hutolewa kwa anayeonyesha kitambulisho. Aidha, tangu mwaka 2025 kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania zinakataza kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola, omba bei kwa shilingi.

Malipo ya awali yafanyike kwa Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalojitokeza kwenye simu. Likiwa la mtu binafsi usiyemfahamu, simama hapo, upige namba ya hoteli uliyoipata kwa njia nyingine, si ile iliyokuja na ujumbe wa malipo. Pata kwa maandishi masharti ya kughairi: hadi siku ngapi kabla utarejeshewa fedha, kiasi gani kitakatwa, na itakuwaje boti zisiposafiri kwa sababu ya bahari chafu. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, baadhi ya hoteli hufunga na nyingine hushusha bei. Wakati wa tamasha la Sauti za Busara, mwezi Februari, hali hugeuka, na masharti ya kughairi nayo hukaza.

Siku ya kufika

Fika mchana. Uchochoro wa Kiponda au Hurumzi usioujua hauna sura ileile usiku, na gari litakuacha pembezoni. Lamu huna hata gari la kukuacha: uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, unavuka kwa boti, kisha mzigo hubebwa na hamali au punda. Muulize mwenyeji nauli ya kawaida na ukubaliane na mbebaji kabla begi halijainuliwa.

Bandarini Malindi utakutana na papasi. Wapo waungwana kati yao, lakini fahamu kazi yao: anayekufikisha hotelini hulipwa kamisheni, na kamisheni hiyo mara nyingi huongezwa kwenye bei ya chumba chako. Akikwambia hoteli yako imejaa au imefungwa, ipigie simu mwenyewe papo hapo.

Omba kuona chumba kabla ya kumaliza malipo. Fungua maji, washa feni, funga mlango kwa ufunguo, nusa, tazama kilipo kitasa cha kutokea gizani. Kisichofanana na kilichoandikwa kitaje wakati huohuo kwa msimamizi, kwa upole, ukiwa na ujumbe wake mkononi. Mara nyingi chumba kingine hupatikana. Siku ya kuondoka, ukiwa umeshakilalia kwa usiku tatu, hoja yako itakuwa imepungua nguvu.

Msipoelewana, piga picha, chukua risiti, na andika lalamiko lenye tarehe, ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai. Zanzibar lipelekwe kwa Kamisheni ya Utalii au kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, na lalamiko kuhusu hoteli ya Lamu laweza kuitaja ibara hiyo kwa namba. Dai kiasi mahususi. Badala ya kuandika kwamba umesikitishwa, andika kwamba ulilipia chumba chenye choo ndani, ukapewa cha kushirikiana, na unaomba tofauti ya bei kwa usiku tatu.