AFYA YETU: Kabla ya Kuanza Yoga, Sema Ugonjwa Wako



Yoga ni mazoezi ya mwili na ya pumzi yaliyotoka India tangu zamani. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 21 Juni kuwa siku yake duniani. Siku hizi picha zake zinaonekana katika simu, na watu wanatuuliza: «Mimi nina tansio, au mgongo unaniuma. Naweza kuanza?» Wengi wanaweza, lakini si kwa kuiga picha ya mtu aliyesimama kichwa chini.

Ndani ya shimo, hakuna anayeanza kutoboa kabla ya kuchunguza mwamba ulio juu ya kichwa chake. Tufanye vilevile na mwili wetu.

1. FIKA KWANZA DISPENSARI

Wengine husema: «Ninabeba vitu vizito kila siku, basi moyo wangu ni mzima.» Hiyo si alama ya kuamini. Tansio ya juu mara nyingi haiumi wala haionekani. Upimwe siku mbili mbalimbali. Ikifika 14 kwa 9 (ndiyo 140/90) au kupita, lazima munganga akuone. Ikifika 18 kwa 11, usianze mazoezi mpaka dawa zimeishusha. Mwambie muuguzi magonjwa yako yote, dawa unazomeza, na kama ulipasuliwa karibuni.

2. KILA UGONJWA NA ANGALISHO LAKE

Tansio: Usizuie pumzi, kwa maana kuzuia pumzi huku unakaza mwili kunapandisha tansio. Usiweke kichwa chini kuliko moyo. Inuka polepole, kwa sababu dawa za tansio zinaweza kuleta kizunguzungu. Wenye ugonjwa wa macho unaoitwa glokoma nao wasiinamishe kichwa chini.

Mgongo: Usiinamie vidole vya miguu kwa nguvu, wala usijipinde kwa kuruka. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, acha, uende kwa munganga. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali siku ileile.

Mapafu yenye vumbi: Vumbi la mawe linaacha makovu ndani ya mapafu, na hakuna zoezi la pumzi linaloweza kuyaondoa. Pumua polepole tu. Acha mazoezi ya kupumua mbiombio. Ukikohoa kupita wiki mbili, peleka makohozi yapimwe, maana kifua kikuu hupata kwa urahisi mtu mwenye mapafu ya vumbi.

Sukari: Ukitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usifanye mazoezi na njaa. Weka sukari karibu. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, acha, uilambe mara moja. Tazama nyayo zako kila siku: kidonda kidogo kisichosikika kinaweza kuwa kikubwa.

Mama mwenye mimba: Aulize kwanza mkunga. Asilalie tumbo, na mimba ikiwa kubwa asilale chali kwa muda mrefu.

3. WIKI YA KWANZA

Dakika 10, siku tatu kwa wiki, zinatosha. Ukitoka posti ya usiku, lala kwanza. Baada ya chakula kikubwa, ngoja saa mbili.

a) Kaa juu ya kiti kisichotikisika, nyayo zote mbili chini. Vuta pumzi huku ukiinua mikono. Itoe huku ukiishusha. Mara 5.

b) Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani. Rudi nyuma hatua moja, nyosha mgongo bila kulazimisha. Hesabu pumzi 5.

c) Lala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, ukapumue kwa utulivu dakika 3. Mwenye pumzi fupi, na mama mwenye mimba kubwa, wabaki wameketi.

Kipimo ni hiki: uweze kusema maneno mfululizo bila kutweta. Ukishindwa, umepita kiasi.

4. ACHA MARA MOJA

Kifua kikibana, macho yakiona giza, pumzi ikikata, au mkono na mdomo vikilegea upande mmoja, acha. Usingoje ipite: nyumba nzima ijue kwamba mgonjwa huyo anapelekwa hospitali bila kuchelewa.

5. DAWA ZIENDELEE

Kuna watu wanaosikia mwili umekuwa mwepesi baada ya wiki chache, halafu wanatupa vidonge. Ndivyo mtu anavyoweza kuanguka na kupooza. Mazoezi yanasaidia dawa. Hayachukui nafasi yake. Munganga peke yake ndiye anayepunguza vidonge, akiisha kupima.

Akina mama, mkiona baba amesahau vidonge vyake, mkumbusheni. Na wewe unayeanza kesho, usishindane na kijana wa jirani. Polepole ndiyo mwendo.