Njia Ile Ile, Bila Mzigo

JUMATANO

Soma Yeremia 17:21–25. Mungu alikataza nini malangoni mwa Yerusalemu siku ya Sabato? Je, aliyafunga malango hayo?

Katika Milima ya Upare, ambako ujumbe wa Waadventista ulifika Tanzania mwaka 1903, mtoto wa kijijini huijua njia kabla hajajua kusoma. Huipita na ndoo akienda kuchota maji. Huipita na mzigo wa kuni, na majani ya ng'ombe. Siku sita njia ni kazi. Kwa hiyo mzazi akishauriwa kutembea na watoto wake alasiri ya Sabato ili wauone uumbaji, huweza kujibu, "Kuna nini cha kuona, nao wanapita huko kila siku?"

Yeremia anatusaidia kumjibu. Mungu hakuwakataza watu kupita malangoni, alikataza mizigo. Fungu la 25 linaahidi kwamba kama wangetii, wafalme na watu wangeendelea kuingia kwa malango hayo hayo. Sabato haikuiondoa njia. Iliutua mzigo, ili anayepita ainue kichwa.

Mtoto mwenye ndoo kichwani huangalia miguu yake asije akajikwaa. Akipita bila ndoo huona mengi. Akifika kwenye ndiva, bwawa lililojengwa na mababu ili maji yajae usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, huuliza, "Maji haya yanatoka wapi?" Mzazi na amwoneshe mfereji, kisha msitu wa Shengena kule juu unaoshika mawingu, kisha wasome Zaburi 104:10–13 wakiwa wamesimama hapo hapo. Karibu na msitu huenda wakamwona ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Aina moja ya ndege hao haipatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii ya Upare Kusini. Muumba aliyewakumbuka ndege wa mlima mmoja hamsahau mtoto wa mlima huo (Mathayo 6:26).

Soma Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Ni nani aliyeagizwa kuwafundisha watoto, na ni wakati gani?

Agizo hili halikuanzia kwa mwalimu wa darasa la watoto, wala kwa kiongozi wa Watafuta Njia, ingawa wote husaidia. Lilianzia kwa mzazi, naye alipaswa kulitimiza akiwa nyumbani na akiwa njiani. Ellen G. White naye aliwashauri wazazi kutumia sehemu ya Sabato nje pamoja na watoto wao. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Baba ni mzee wa kanisa. Baada ya ibada ana kikao, kisha kamati, kisha mazoezi ya kwaya. Mama amechoka, analala. Watoto wanabaki uani wakiambiwa, "Msicheze, ni Sabato," nao wanahesabu saa hadi machweo. Mtoto wa namna hiyo akikua na kuondoka kanisani, tusishangae kwamba anaikumbuka Sabato kama orodha ya makatazo. Isaya 58:13 inaiita siku ya furaha, lakini yeye hakuionja furaha hiyo pamoja na baba yake.

Yesu mwenyewe alipita katika mashamba ya nafaka pamoja na wanafunzi wake siku ya Sabato (Marko 2:23). Mwalimu alikuwa njiani pamoja nao.

Matembezi haya hayahitaji fedha. Njia ya mtoni au ya shambani inatosha. Familia ikikusudia kuingia katika msitu wa hifadhi, kibali na malipo vimalizwe mapema, kabla ya Sabato. Mwendo uwe wa mtoto mdogo kuliko wote. Panga na ndoo vibaki nyumbani, na jicho la kuni nalo libaki. Tawi kavu zuri litaonekana, lakini lisiwekewe alama kwa ajili ya Jumapili. Jirani akiuliza, "Mnakwenda wapi mikono mitupu?" ajibiwe kwa upole kwamba leo Mungu ametutua mizigo. Pengine naye atapenda kuandamana nao.

Ni njia gani karibu na nyumbani kwako ambayo watoto wako wanaijua kwa mizigo tu? Ni kikao gani, au usingizi gani, utakaouacha Sabato hii ili uipite pamoja nao? Darasa lenu linaweza kufanya nini ili viongozi wa kanisa wenye watoto wadogo wapate alasiri hiyo?