Kamera Moja Hailishi Nyumba: Somo kwa Kamati kuhusu Vijana na Kazi ya Video

Somo la robo hii linahusu kazi ya kutengeneza video za kidijitali. Tumechagua mada hii kwa sababu maombi yanayogusa vijana na kamera yamekuwa mengi, na karibu yote yana sura moja: kamera, kompyuta, semina ya wiki mbili, kisha vijana "wajiajiri". Vifaa hufika. Mwaka ukipita, kamera iko kabatini kwa katibu, na kijana aliyefundishwa ameondoka kwenda Mwanza au amerudi kwenye bodaboda.

Kwa maoni yetu vijana hao si wavivu. Walifundishwa kushika kamera tu, na katika sehemu kama Rwamishenye kushika kamera ni kipande kidogo cha kazi.

Tuanze na kalenda. Rwamishenye ni kata iliyo kando ya mji wa Bukoba, na barabara ya kwenda Muleba inapita hapo. Kazi ya video huku huja kwa mawimbi. Fedha ya kahawa inapoingia katikati ya mwaka, harusi na sherehe za kuaga mabinti huongezeka. Septemba na Oktoba kuna mahafali ya kidato cha nne. Desemba ndugu walioko Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani, na hapo sherehe hufuatana hata mpiga picha anakosa usingizi. Kisha Kwaresima inaingia, harusi za Wakatoliki zinasimama, na simu ya kijana inanyamaza. Mwenye stadi moja hana la kufanya katika miezi hiyo. Kamati inayotaka kujua kama mradi wake utadumu na ijiulize kwanza: Machi kijana huyu atakula nini?

Jibu hupatikana katika stadi zinazopakana na kamera, na ya kwanza ni sauti. Watu huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini hotuba isiyosikika hawaivumilii, nao ndio malalamiko ya kawaida kwa video za parokia zetu. Mpiga picha husimama nyuma ya kanisa na kutegemea maikrofoni iliyomo ndani ya kamera. Matokeo yake ni mwangwi, kikohozi cha jirani na sauti ya padre inayotoka mbali kama ya kisimani. Dawa yake si ghali. Ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ya msemaji, au waya unaotoka kwenye mixa ya vipaza sauti vya kanisa hadi kwenye kinasa sauti. Aidha, kijana wa Bukoba lazima ajifunze mvua. Mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ikishapiga mabati hakuna mahojiano tena. Anayejua hilo hupanga mahojiano mapema, au hutafuta chumba chenye dari. Na anayejua sauti vizuri ana kazi hata pasipo kamera: kurekodi kwaya, kuandaa vipindi vya redio, kusimamia vipaza sauti kwenye mikutano.

Unyevu huohuo huotesha ukungu ndani ya lenzi, nao ukishashika si rahisi kuutoa. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu visitupwe. Viwekwe kwenye sanduku la kamera lenye mfuniko unaobana. Hali kadhalika, umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata iwekwe 1/50 au 1/100, la sivyo taa za tyubu zitametameta kwenye picha. (Na anayepiga picha usiku mwezi wa Novemba asisahau kwamba taa yake ndiyo senene wanayoitafuta.)

Stadi ya pili ni kuhariri pamoja na kutunza mafaili. Hebu tupige hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza gigabaiti 22 na nusu kwa saa moja. Jubilei ya saa sita ni gigabaiti 135, na kwa kuwa diski hufa bila kuaga, nakala ziwe mbili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Hiyo ni gharama halisi, na mteja lazima aihesabiwe. Lakini ndani ya stadi hiyo kuna kazi ya Kwaresima ambayo vijana wengi hawajaiona. Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zina kanda za VHS za harusi, za upadrisho, za bibi aliyekwisha kufariki. Kanda hizo zinaota ukungu, na deki za kuzichezea zinaadimika. Kijana mwenye deki nzima, kompyuta na subira anaweza kuzihamishia kwenye kompyuta, kanda kwa kanda, akilipwa kwa kila moja.

Stadi ya tatu tunaipa uzito wa pekee, nayo ni lugha. Bibi wa Muleba anayeeleza jinsi mnyauko ulivyoingia kwenye migomba yake ataeleza kwa Kihaya. Mfadhili wa Ulaya anataka kusoma maandishi chini ya picha, na kamati inataka Kiswahili. Kikundi kinachotoka Dar es Salaam na kamera kubwa hakimwelewi bibi. Humwuliza mkalimani, naye hufupisha dakika tano kuwa sentensi moja. Kijana wa hapa anayeweza kuandika maneno yote ya Kihaya, kuyafasiri kwa Kiswahili sanifu na kuyapanga sawasawa na picha, ana kitu ambacho kamera ya bei yoyote haina. Tungependa semina zetu zitenge siku kadhaa kwa ajili ya kuandika, hata kama vijana watanuna.

Mfano wa mtu aliyeunganisha stadi tunao. Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba aliyehamia Minnesota, Marekani, alitoa filamu ya Bongoland mwaka 2003, Tusamehe mwaka 2005 na Bongoland II mwaka 2008. Aliziandika, akaziongoza, akazisimamia kama mzalishaji. Tusamehe inahusu familia ya Kitanzania ughaibuni na Ukimwi, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Na ng'ambo ya Mutukula, mjini Kampala, Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 kufundisha vijana wa Afrika Mashariki, Watanzania wakiwemo, kutengeneza filamu.

Wapo watakaotukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli, tena tumewaona vijana wenye kadi ya biashara iliyoandikwa kazi kumi, na hakuna hata moja wanayoiweza. Ushauri wetu ni kufuata mpangilio. Kijana achague stadi moja, aishike mpaka watu wamtafute kwa hiyo, kisha aongeze ile inayopakana nayo. Mwenye sauti aongeze uhariri; mwenye uhariri aongeze tafsiri. Baadaye, wala si mwisho kwa umuhimu, aongeze daftari la mapato na matumizi.

Sasa tunakuja kwenye jambo lisilopendwa. "Kazi ya kanisa ni sadaka," ndivyo kijana anavyoambiwa anapodai malipo ya jubilei. Fundi seremala aliyetengeneza mabenchi alilipwa mbao na ufundi, na hakuna aliyemwona kuwa na imani haba. Mpiga video ametumia siku nzima kanisani, na mbele yake kuna siku tano za kuhariri ambazo hakuna anayeziona. Kijana akitaka kujitolea, na aseme mwenyewe, bila kusemewa na mwenyekiti mbele ya watu. Hata hapo kamati ilipe nauli, diski na umeme. Parokia zinazochukua kazi bure ndizo hizohizo zinazolalamika kwamba vijana hawakai.

Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi moja kabla ya siku yenyewe: urefu wa video, tarehe ya kuikabidhi, nusu ya malipo mwanzoni na nusu wakati wa kukabidhi, nani atatunza picha ghafi. Muziki wa nyuma usichukuliwe ovyo kwenye simu, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watunzi. Kwaya ya parokia ikitoa ruhusa kwa maandishi inatosha. Mgonjwa au mtoto asirekodiwe bila idhini yake au ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata kamera ya parokia, na mfadhili anayeomba "picha zenye kugusa moyo" naye aikumbuke.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Kabla ya kununua kamera nyingine, ulizeni kama ile ya kwanza ina maikrofoni mbili, diski mbili na mtu anayejua kuzitumia. Kisha, mnapohitaji video ya mradi, iwekeni kwenye bajeti kama mnavyoweka saruji, na agizeni kazi hiyo ifanyike kati ya Februari na Aprili.