Gari la Umeme Lililoegeshwa: Lini Laweza Kuachwa Katika Gia Huru?

Tuchukue mfano. Ni siku ya gulio. Barabara iendayo zahanati imebanwa na meza za wachuuzi upande mmoja na magari upande wa pili. Bajaji iliyombeba mama mjamzito inafika na kukuta gari limeegeshwa mbele ya lango. Vijana watano wanajitokeza kulisukuma, kama ilivyo desturi yetu. Wanajaribu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini gari halisogei hata shubiri moja. Mwenyewe amekwisha kulizima na kuingia sokoni. Gari hilo ni la umeme, na tangu lilipozimwa limejifunga lenyewe.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Magari ya umeme yameanza kuonekana katika barabara za Afrika Mashariki, mengine yakiwa yametumika kwanza Japani kama vile Nissan Leaf, ambalo liliingia sokoni mwaka 2010. Yafaa dereva, mlinzi wa maegesho na mpita njia wafahamu tabia ya magari haya kabla ya siku ya dharura.

Kwa nini gari la umeme hujifunga

Katika gari la zamani la gia za mkono, dereva akiweka gia huru, ambayo wengi huiita nyutro, injini hutenganishwa na magurudumu. Akiachia pia breki ya mkono, gari husukumika hata kama limezimwa na funguo zimekwenda na mwenyewe.

Gari la umeme halikujengwa hivyo. Kwa kawaida mota yake imeunganishwa na magurudumu moja kwa moja kwa meno yasiyobadilishwa. Herufi N ionekanayo mbele ya dereva haitenganishi chuma na chuma. Huamuru tu umeme usipelekwe kwenye mota. Amri hiyo hutolewa na kompyuta ya gari, nayo kompyuta huhitaji umeme. Dereva anapozima gari, au katika baadhi ya magari anapofungua mlango na kushuka, kompyuta huhesabu kwamba gari linaachwa bila mtu, na hapo huliweka katika hali ya kuegesha, yaani P. Kipande cha chuma huingia kati ya meno na kuyazuia yasizunguke, au breki ya kuegesha hukaza magurudumu, au yote mawili hutokea pamoja.

Kwa hiyo kujifunga huko si hitilafu. Ni kinga iliyowekwa ili gari lisiviringike likamgonga mtu. Yeyote anayetaka kuiondoa kinga hiyo sharti ajue anaondoa nini.

Desturi ya Bangkok

Katika jiji la Bangkok, nchini Thailand, maegesho ya maduka makubwa hujaa mara kwa mara. Wenyeji wana desturi ya muda mrefu: anayekosa nafasi huegesha gari lake kwa kukingama mbele ya magari mengine, hunyoosha magurudumu, huweka gia huru, huachia breki ya mkono na kuondoka. Aliyezibiwa njia hulisukuma gari hilo hatua chache, hutoa lake na kwenda zake. Desturi hiyo huwezekana kwa sababu sakafu za maegesho hayo kwa sehemu kubwa ni tambarare na kila mtu anaijua kanuni.

Magari ya umeme yalipoongezeka nchini humo, desturi ilikutana na kinga ya kompyuta. Mwenye gari la umeme alilazimika kujifunza utaratibu maalumu wa gari lake ili libaki katika N baada ya yeye kushuka. Aina nyingi zina utaratibu huo. Katika magari ya Tesla, kwa mfano, upo mpangilio wa kioshea magari unaoliruhusu gari kuviringika huru, na mwingine wa usafirishaji unaotumika linapopakiwa juu ya lori. Aina nyingine huhitaji mfuatano wa vitufe. Hakuna njia moja inayofaa magari yote, hivyo kitabu cha mwongozo wa gari ndicho mwalimu wa kwanza.

Mteremko usioonekana kwa macho

Je, desturi ya Bangkok yatufaa? Tufanye hesabu. Gari la umeme la ukubwa wa kawaida lina uzito wa takriban kilo 1,500. Juu ya lami iliyo tambarare, nguvu ya kulisogeza taratibu hulingana na nguvu ya kuinua uzito wa kilo 15 hadi 22, yaani karibu ndoo moja ya lita 20 iliyojaa maji. Mtu mzima mmoja aweza kulisukuma.

Lakini ikiwa ndoo moja yatosha kulisogeza, mteremko mdogo nao watosha. Ardhi ikishuka sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita moja, gari lililo katika gia huru huweza kuanza kuviringika bila kusukumwa na mtu. Mteremko wa kiasi hicho ni vigumu kuuona kwa macho. Tukumbuke pia kwamba barabara hujengwa zikiwa na mwinamo kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yatoke. Mara nyingi mwinamo huo ni sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Barabara uionayo kuwa tambarare huenda isiwe tambarare kwa gari lililokingama.

Mteremko ukifikia sentimita 5 kwa kila mita, mambo hubadilika kabisa. Kulizuia gari lisishuke huhitaji nguvu ya karibu ndoo tatu za maji, na kulipandisha huhitaji karibu ndoo tano. Likiponyoka na kushuka mita 20 tu, litakuwa limefikia kasi ya takriban kilomita 14 kwa saa. Na kwa kuwa mota haina mngurumo, mtoto anayecheza mbele yake hatasikia lolote la kumwonya.

Jibu la swali letu basi ni hili: barabarani, kwenye kilima, karibu na shule, soko au zahanati, gari la umeme lisiachwe katika gia huru bila mtu. Linaweza kuachwa hivyo tu mahali palipo tambarare kwa hakika, ndani ya eneo lenye mwangalizi, na kwa muda mfupi. Sababu ya kuufupisha muda ni kwamba gari lililozuiwa lisijifunge kwa kawaida hubaki likitumia umeme, na betri yake ndogo yaweza kuisha.

Utaratibu tunaoushauri

Kwanza, usizibe njia. Lango la zahanati, njia ya gari la zimamoto na kisima cha kuzimia moto si maegesho, hata kwa dakika mbili.

Pili, ukilazimika kuegesha mahali penye msongamano, acha namba yako ya simu ionekane kwenye kioo cha mbele, au mwachie funguo mwangalizi unayemwamini. Gari la umeme lenye chaji na funguo halina haja ya kusukumwa, huendeshwa likaondoka. Mwoneshe mwangalizi namna ya kuliwasha, maana wengi hudhani halijawaka kwa kuwa halina mlio.

Tatu, kabla ya kuweka N ili gari lisukumwe, chunguza ardhi. Laza chupa ya duara chini, kwanza kwa urefu wa gari, kisha kwa upana. Ikiviringika, acha mpango huo.

Nne, weka kabari au mawe mawili imara kwenye gurudumu, moja mbele na jingine nyuma, kabla ya kuachia breki. Yaondolewe tu wakati watu wamekwisha kujipanga kusukuma, na yarudishwe mara gari linaposimama.

Tano, wakati wa kusukuma, mtu mmoja akae kwenye usukani akiwa na mguu karibu na breki. Gari likizimwa, breki na usukani huwa vizito, kwa hiyo awe mtu mzima ajuaye kuendesha. Asisimame mtu yeyote upande ambao gari linaelekea.

Gari likiishiwa umeme

Pamoja na betri kubwa inayoliendesha, gari la umeme lina betri ndogo, kwa kawaida ya volti 12, inayohudumia kompyuta, milango na taa. Hiyo ndogo ikifa, gari haliwezi kutoka kwenye P ingawa kubwa imejaa. Mara nyingi tiba ni kuiongezea nguvu betri ndogo kutoka betri nyingine ya volti 12, kwa kufuata mwongozo wa gari. Usiguse wala kukata nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo hubeba umeme mkubwa unaoweza kuua.

Tahadhari nyingine ni kuhusu kuvutwa. Kusukuma gari hatua chache kwa mwendo wa miguu si sawa na kulifunga kamba na kulivuta hadi gereji. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka, mota nayo huzunguka na yaweza kuzalisha umeme hata kama gari limezimwa, na kuharibu vifaa vya gharama kubwa. Kwa Nissan Leaf, ambalo magurudumu yake ya mbele ndiyo yanayoendeshwa, watengenezaji wanakataza kulivuta magurudumu hayo yakiwa chini. Lililo salama zaidi ni kulipakia juu ya lori.

Maswali ya kujipima

Je, wajua gari lako hufanya nini unapofungua mlango likiwa katika N? Je, mahali unapoegesha kila siku chupa ingetulia? Je, kuna mtu mwingine anayeweza kuliondoa gari lako iwapo zimamoto, wanaopatikana kwa namba 114, watahitaji kupita?

Dereva asiyeweza kujibu swali la kwanza asome mwongozo wa gari lake leo, akiwa nyumbani na bila haraka. Tahadhari ni kabla ya hatari. Mama aliye ndani ya bajaji langoni hana muda wa kumsubiri dereva ajifunze.