SOMO LA MWEZI: MAKOHOZI YASIYOISHA KOONI

Soma kwanza: Isaya 38:1-21, 1 Timotheo 5:23, Wakolosai 4:14

 

Kila Jumapili, kabla wimbo wa kwanza haujaanza, nasikia watu wakisafisha koo. Wengine ni mafua tu. Wengine wana miezi nao. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Karibu miezi minne kila nikisimama kuhubiri, kitu kinakwama kooni. Ninameza, ninakohoa, hakitoki. Mama mmoja akaniambia ni kilimi kimeanguka, akanitajia mzee wa kukikata. Ndugu mwingine akaniletea vidonge kutoka duka la dawa. Nilivimeza wiki nzima, sikupona. Kwenda kupimwa sikutaka. Niliogopa kipimo kuliko ugonjwa, kwa sababu faili yetu ya safari ilikuwa inasubiri.

1. Makohozi yanatoka wapi?

Mungu ameumba pua na koo ziwe na unyevu. Kila siku mwili hutengeneza ute mwingi, karibu lita moja au zaidi, na tunaumeza bila kujua. Ute huo hukamata vumbi na vijidudu. Shida huanza unapozidi au unapokuwa mzito. Sababu za kawaida ni hizi:

- Mafua, au ugonjwa wa vyumba vya hewa vilivyo karibu na pua. Ute unashuka nyuma ya pua mpaka kooni.
- Moshi wa makaa na vumbi. Wengi wetu tunapika, tunakula na kulala katika chumba kimoja.
- Sigara.
- Asidi ya tumbo inayopanda kooni usiku. Wengine hawasikii kiungulia hata kidogo.
- Kifua kikuu, yaani TB.
- Mara chache, uvimbe au kansa ya koo.

Mnaona, dalili ni moja na magonjwa ni mengi. Ndiyo maana vidonge vya jirani havitoshi.

2. Msikate kilimi

Kwetu Kongo na hata hapa, wengi huamini kikohozi kisichoisha kinatoka kwa kilimi, ambacho wengine hukiita kimeo. Hiyo si kweli. Kilimi husaidia kuzuia chakula na maji visipande puani wakati wa kumeza. Kukikata kwa wembe au kisu kumeleta damu nyingi, vidonda vibaya, na hata vifo vya watoto. Chombo kimoja kikitumika kwa watu wengi, kinaweza kuambukiza virusi vya ukimwi. Mzazi, usimpeleke mtoto huko.

3. Hesabuni wiki

Siku za kwanza unaweza kujisaidia nyumbani. Kunywa maji ya kutosha. Sukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Peleka jiko la makaa nje. Usilale mara baada ya kula. Ngoja saa tatu hivi.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya cha serikali ukapimwe TB, kwa mfano Kisenyi. Ukiwa kambini, anza na kituo cha huko. Usingoje wiki mbili ikiwa una homa ya jioni, jasho la usiku, unakonda, au umeishi na mgonjwa wa TB. Kupima na kutibu TB kwenye vituo vya serikali ya Uganda ni bure, na mkimbizi hutibiwa kama raia.

Omba barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, kama wale wa Mulago, ukiona mojawapo ya haya:

- Sauti imekauka zaidi ya wiki tatu.
- Chakula kinakwama au kumeza kunauma.
- Kuna uvimbe shingoni usiopungua.
- Sikio moja linauma bila sababu.
- Mtoto anatoa uchafu wenye harufu katika tundu moja la pua. Huenda ameingiza kitu humo.

Ukitema damu, usingoje. Nenda siku hiyo hiyo. Na mtu akishindwa kupumua au kumeza mate, akimbizwe hospitali saa ile ile, hata usiku.

Kama hujui Kiluganda wala Kiingereza, nenda na mtu wa kukutafsiria. Mwambie daktari tangu lini, rangi ya makohozi, na dawa ulizokwisha kunywa.

4. Hofu ya safari

Ndugu zangu, tusidanganyane. Wengi wanaficha kikohozi wakiogopa kupoteza safari ya kuhamia nchi nyingine. Lakini kabla ya safari kifua kinapigwa picha, na ugonjwa uliofichwa unaonekana hapo. Mwenye TB hutibiwa kwanza, na tiba huchukua miezi sita au zaidi. Safari inachelewa, ila ni afadhali kuchelewa kuliko kuwaambukiza watoto mnaolala nao chumba kimoja.

5. Je, kwenda hospitali ni kukosa imani?

Mfalme Hezekia aliomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalikuwa yamejibiwa, na dawa ikatumika. Paulo alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake, na Luka rafiki yake alikuwa tabibu. Hapa Kampala pia, hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, mmisionari aliyekuwa daktari.

Mimi hatimaye nilikwenda. TB haikuonekana. Daktari wa koo aliona asidi ya tumbo. Nilikuwa ninakula usiku sana baada ya mikesha, kisha ninalala. Nilibadilisha saa ya kula, nikanywa dawa, na sauti ikarudi. Miezi minne ya hofu ilikuwa ya bure.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Nani nyumbani kwetu anakohoa, na ni wiki ya ngapi?
2. Jiko letu linawaka wapi?
3. Tunamwogopa nani tukienda kupimwa?

Bwana awape afya na ujasiri. Amina.