Rafu za Shubakani Zisizoonyesha Vishikizo

SWALI: Nyumba yetu ya mawe, Mji Mkongwe wa Unguja, ina shubaka pana ukutani, nataka kutia rafu za vitabu humo bila ya vishikizo kuonekana. Nifanyeje?

JIBU: Ikiwa shubaka hilo lina nakshi za chokaa, bwana, nakusihi uliache kama lilivyo. Ikiwa halina, basi, kwa kuwa ukuta wa matumbawe na chokaa ni nadra kunyooka, pima upana nyuma, kati na mbele kabla ya kukata ubao wo wote, kisha, kwa pimamaji, piga mstari kwenye kuta zote tatu. Juu yake kaza papi za inchi 2 kwa 1, si kwa misumari, ambayo huutikisa ukuta na kuubomoa, bali kwa skurubu ndefu zisizoshika kutu, zipitazo lipu hata zikafika kwenye jiwe imara. Na kekee ikitoa unga mtupu, hamisha tundu. Kisha zivike papi hizo plaiwudi juu na chini, na mbele utie ubao wa mvule, uliosimamishwa kwa ubavu, uzibe uwazi wote: huo, zaidi ya kuficha, ndio uzuiao rafu kupinda katikati, maana vitabu ni vizito mno.