Kwa Nini Kambare Hutaga Wakati wa Mvua

Mama wa Kaloleni au Makongeni anunuapo kambare huko Gikomba wakati wa mvua za masika, mara nyingi hukuta tumbo la samaki limejaa mayai. Wakati wa kiangazi huenda asikute kitu. Je, samaki hujuaje kwamba majira yamefika?

Katika nchi za Ulaya samaki wengi hufuata urefu wa mchana. Lakini Kenya imepitiwa na ikweta, na mchana wake ni karibu sawa mwaka mzima. Kwa hiyo kambare hungoja alama nyingine, yaani maji yanayopanda na kuenea majanini. Ubongo upatapo habari hiyo, huiamuru tezi ndogo sana iliyo chini yake, nayo hutia katika damu vitu viitwavyo homoni. Homoni moja huyakuza mayai. Nyingine huyakomaza na kuyafungua yatoke. Hiyo ya pili ubongo huizuia mpaka mafuriko yafike.

Hapo ndipo mwenye bwawa apatapo taabu. Jike lake hunenepa, mayai hujaa tele, lakini bwawani hakuna mafuriko, wala mayai hayatoki. Mabingwa waligundua hila: tezi ya kambare mwingine hutolewa kichwani, husagwa, huchanganywa na maji ya chumvi, kisha jike hupigwa sindano mgongoni. Baada ya nusu siku hivi, kwa kadiri ya joto la maji, tumbo hukamuliwa taratibu na mayai hutoka kwa maelfu. Dume hana bahati hiyo; manii yake hayakamuliki, basi hupasuliwa. Kazi hii hufanywa katika kituo cha samaki cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948.

Ningu wa Ziwa Victoria naye hutii mvua. Maji yajaapo, hupanda mito ya Nzoia, Nyando na Sondu kwa makundi, matumbo yakiwa mazito. Watu walijua saa yake barabara, wakatega nyavu midomoni mwa mito, wakawavua majike kabla hawajataga hata mara moja. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka vibaya. Sato hakuangamia kwa njia hiyo, kwa kuwa yeye huzaa karibu mwaka mzima. Siku hizi ningu huhesabiwa miongoni mwa samaki walio karibu kutoweka, na mpishi wa Makongeni aweza kuzunguka Gikomba asubuhi nzima asimpate.